Leseni imefungiwa Texas: maswali ya bima, SR-22 na kurudi barabarani

Nafanya kazi dirishani kwenye ofisi ndogo ya wakala wa bima hapa Houston. Waswahili wa mji huu, wa Dar, Mombasa, Bukavu, Bujumbura, wakishasikia kuna mtu anayeongea lugha yao huletwa kwangu hata kwa shida isiyo ya bima. Maswali ya leseni iliyofungiwa ni yale yale kila wiki, kwa hiyo nimeyaandika. Nimejikita Texas kwa sababu ndiko ninakokujua. Majimbo mengine nimeyagusa pale watu wanapochanganyikiwa zaidi. Mimi si wakili, na palipo na kazi ya wakili nimesema.

SR-22 ni bima ya aina gani?

Si bima. Ni cheti ambacho kampuni ya bima inaipelekea serikali ya jimbo, kikisema: huyu dereva ana bima ya kulipia madhara ya wengine, haipungui kiwango cha sheria, na siku ikikatika tutawaarifu. Ndiyo maana mtu akiniambia, "Dada, nipe SR-22 tu, bima ninayo kwingine," sina cha kumpa. Cheti hutolewa na kampuni ile ile iliyokukatia bima.

Nyumbani tumezoea bima ndogo na bima kubwa. Unalipa, unapata stika, trafiki akiangalia kaona, mmemalizana. Hakuna mtu wa bima anayeiandikia serikali kuhusu tabia zako. Huku, ukishaingia kwenye SR-22, kampuni inageuka kuwa kama mdhamini wako kituoni: anakutoa, lakini ukipotea yeye ndiye wa kwanza kupiga simu.

Ada ya kupeleka cheti ni ndogo, mara nyingi kati ya dola 15 na 50. Kinachouma ni ada ya bima yenyewe, kwa sababu sasa kampuni inasoma rekodi iliyokufikisha hapo.

Kile kiwango cha 30/60/25 maana yake nini?

Ndicho cha chini kabisa Texas. Ukisababisha ajali, bima inalipa mpaka dola 30,000 kwa kila mtu aliyeumia, isizidi dola 60,000 kwa ajali nzima, na dola 25,000 kwa mali uliyoharibu. Gari lako wewe halimo, wala mwili wako haumo.

SR-22 inahitaji hicho tu. Mimi huwaambia watu waangalie barabara ya I-10 saa kumi na moja jioni wahesabu pikapu mpya zilizowazunguka, halafu wajiulize ni ngapi zinauzwa chini ya dola 25,000. Kinachozidi kiwango chako utadaiwa wewe. Tofauti ya bei ya kupandisha kiwango ikiwa ndogo, pandisha.

Je, kila aliyefungiwa leseni anahitaji SR-22?

Hapana! Na hapa ndipo watu wanapotupa hela.

Mwaka juzi alikuja kaka mmoja, fundi wa kuweka vigae, na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na bahasha kumi na moja za serikali, tisa hazijafunguliwa. Alikuwa ameshalipia SR-22 miezi mitano kwa sababu shemeji yake alifungiwa leseni na aliambiwa anunue, basi naye akanunua. Tulizifungua pale kaunta moja moja kwa ufunguo wa gari. Tatizo lake lilikuwa tiketi mbili za mwendo kasi katika mji mdogo njiani kwenda Dallas, ambazo hakulipa wala hakwenda mahakamani. Mahakama ilikuwa imemwekea zuio la kuongeza muda wa leseni kupitia mpango unaoitwa Omni. Dawa yake ilikuwa kumalizana na mahakama ile na kulipa ada ya dola 10 kwa kila kosa. SR-22 haikuwa na kazi hata moja.

Kwa ujumla, Texas inadai SR-22 kwa aliyehukumiwa kuendesha akiwa amelewa (DWI), aliyehukumiwa mara ya pili au zaidi kwa kuendesha bila bima, aliyesababisha ajali bila bima akashindwa kulipa hukumu ya mahakama, na anayeomba leseni ya kikazi nitakayoieleza mbele. Aliyefungiwa kwa deni la matunzo ya mtoto anapaswa kuonana na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Wakala wa bima hana la kumsaidia.

Nyongeza kwa wakongwe: zile tozo za kila mwaka za "surcharge" zilizotesa watu miaka ile zilifutwa tarehe 1 Septemba 2019. Kama uliacha kuendesha kwa sababu ya hizo na hukuangalia tena hadi leo, angalia.

Nitajuaje mimi nadaiwa nini?

Usiniulize mimi, usimuulize shemeji. Nenda kwenye tovuti ya idara ya usalama wa umma, DPS, sehemu inayoitwa License Eligibility. Unaingiza namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za Social Security. Itakuonyesha kila kilichokufunga, karatasi zinazotakiwa na ada za kulipa. Chapisha au piga picha. Mteja akija na ukurasa huo, kazi yangu inachukua nusu saa. Akija na hadithi, tunamaliza siku.

Soma ukurasa wote mpaka chini. Mtu anaweza kuwa na vifungo vitatu vya sababu tatu tofauti, akalipa kimoja, akatoka anaimba.

Muda wa kufungiwa ukiisha, leseni si inarudi yenyewe?

Hairudi. Siku 90 zikiisha, zimeisha siku tu. Leseni inabaki imefungwa mpaka masharti yatimie na ada ya kurudishiwa ilipwe, ambayo Texas mara nyingi ni dola 100, au 125 ikiwa ulifungiwa kwa kukataa au kushindwa kipimo cha pombe. Nimeona watu waliokaa miaka miwili wakiamini wako huru kwa sababu walihesabu kalenda vizuri.

Ukikamatwa katika hali hiyo ni kosa la jinai. Kwa mara ya pili, au kama ulifungiwa kwa ajili ya DWI, ni daraja B: jela hadi siku 180 na faini hadi dola 2,000. Halafu kifungo cha leseni kinaongezwa.

Siruhusiwi kuendesha. Kwa nini nilipie bima?

Kwa sababu katika hali nyingi bima ndiyo sharti la kuruhusiwa. Cheti hakiwezi kupelekwa bila bima hai, na leseni haifunguliwi bila cheti.

Kama hudaiwi SR-22 bado kuna sababu ya pili. Kampuni za bima hupenda mtu ambaye bima yake haijawahi kukatika. Ukikaa miezi minane bila bima, siku ya kurudi watakuwekea bei ya rekodi mbaya juu ya bei ya pengo. Na kama gari lina mkopo, benki haitaki kusikia kwamba umefungiwa. Inataka bima kubwa siku zote, la sivyo itakukatia yake ya bei ya kuumiza na kukuongezea kwenye deni.

Niliuza gari. Nifanye nini na hiyo SR-22?

Kuna bima ya dereva asiye na gari. Kwenye simu sema "non-owner" watakuelewa haraka. Inafuata mtu badala ya gari: ukiazima gari la rafiki mara moja moja ukagonga, inalipa madhara ya wengine baada ya bima ya mwenye gari. Kwa kawaida ni nafuu sana kuliko bima ya gari, na DPS inaikubali kwa SR-22.

Ila ina mipaka. Haifai kwa gari lililoandikwa jina lako, wala kwa gari la mtu unayeishi naye nyumba moja na unaloliendesha kila siku. Watu wanne wakipanga nyumba pamoja na gari moja uani, kampuni itauliza, na itauliza tena siku ya madai.

Gari ni la mke wangu. Akinitoa kwenye bima yake bei itashuka?

Itashuka, ndiyo. Texas inaruhusu kumtaja mtu wa nyumbani kuwa hayumo kabisa kwenye bima, na familia nyingi huokolewa na hiyo. Lakini wote wawili muelewe mnachosaini: ukiligusa lile gari hata kulitoa barazani, ukagonga ukuta wa jirani, kampuni hailipi senti. Wala kutolewa kwenye bima ya mke hakukupi SR-22. Utahitaji ya kwako mwenyewe.

Huwa nawaomba waje wote wawili. Nimeshapigiwa simu na mama akilia, hakujua karatasi aliyosaini ilisema nini, na mume alikuwa ameshaligonga.

Nikichelewa kulipa siku mbili tatu itakuwaje?

Swali hili ndilo ningetaka litangulie mengine yote.

Bima ya kawaida ikikatika, unapigiwa simu, unalipa, maisha yanaendelea. Bima yenye SR-22 ikikatika, kampuni inalazimika kuipelekea DPS karatasi nyingine, SR-26, kwamba ule udhamini umekwisha. Leseni inaweza kufungwa upya. Kuirudisha kunataka bima mpya, cheti kipya na pengine ada nyingine, na wewe uko barabarani hujui lolote kwa sababu barua imekwenda kwenye anwani uliyohama Machi.

Kwa hiyo mambo machache ninayowashikilia wateja wangu. Weka malipo yakatwe yenyewe, na siku ya kukatwa iwe siku mbili baada ya mshahara kuingia, isiwe ile siku unayotuma hela nyumbani. Nasema hivyo nikijua: nikiangalia bima zilizokatika mezani kwangu, nyingi hukatika Desemba na Agosti, sikukuu na ada za shule. Mtu amemlipia mdogo wake karo Arusha, benki ikabaki na dola sita.

Ukihama, badilisha anwani DPS na kwa kampuni ya bima pia. Ofisi hizo mbili hazisomeani barua.

Na ukipata kampuni ya bei nafuu, usivunje ya zamani kwanza. Kata mpya, hakikisha cheti kipya kimefika DPS, ndipo uvunje ya kwanza. Pengo la usiku mmoja linatosha kuzalisha SR-26.

Nitaibeba SR-22 kwa muda gani?

Texas ni miaka miwili kuanzia tarehe ya hukumu. Angalia hapo: ni tarehe ya hukumu, si siku uliyonunua bima. Aliyehukumiwa akakaa mwaka mzima bila kuendesha anaweza kukuta amebakiwa na mwaka mmoja, wakati kampuni ingependa aendelee kulipia mpaka achoke. Thibitisha tarehe na DPS kabla ya kuiondoa. Ukiiondoa mapema kwa wiki moja, rudia kusoma jibu la juu.

Kalifornia na Illinois kwa kawaida ni miaka mitatu. Florida wana kali zaidi: aliyehukumiwa kwa ulevi anapewa FR-44, cheti kama SR-22 lakini cha bima kubwa zaidi, kiwango cha 100/300/50, kwa miaka mitatu. Virginia nao wana FR-44.

Nahamia Kentucky kwa ndugu zangu. Kule SR-22 haipo, nimepona?

Ni kweli Kentucky haitumii SR-22, na Pennsylvania, New York na North Carolina pia hazimo kwenye mtindo huo. Lakini deni lako ni kwa Texas. Majimbo yanasomeana rekodi kupitia daftari la taifa la madereva, na ukienda kuomba leseni Louisville, kompyuta itawaonyesha kwamba Texas imekufunga. Watakuambia umalizane na Texas kwanza.

Namna ya kumalizana ukiwa mbali ipo: unatafuta kampuni inayofanya biashara majimbo yote mawili, na kuiomba ipeleke cheti Texas wakati wewe unaishi kwingine. Kampuni nyingi za mtandaoni hazitaki usumbufu huo. Piga simu, uongee na binadamu.

Polisi wamenichukulia leseni jana kwa ulevi. Nina karatasi tu. Nifanye nini kwanza?

Acha kunisoma, tafuta wakili. Una siku 15 tangu upewe ile notisi kuomba kusikilizwa. Usipoomba, leseni inafungwa siku ya 40 bila maneno zaidi: kwa mara ya kwanza siku 90 ukishindwa kipimo, siku 180 ukikataa kupimwa. Hii ni kesi ya leseni peke yake. Ile ya jinai inakwenda mahakamani kivyake, na unaweza kushinda moja ukashindwa nyingine.

Bima usiivunje kwa hasira.

Nina watoto na shifti ya usiku ghalani. Hakuna namna ya kuendesha kazini tu?

Ipo leseni ya kikazi, "occupational license", inayotolewa kwa amri ya hakimu. Unaandika ombi mahakamani ukieleza kwa nini lazima uendeshe: kazi, shule, mahitaji muhimu ya nyumbani. Hakimu anaweka saa na maeneo. Kawaida ni saa nne kwa siku, na anaweza kuongeza mpaka kumi na mbili ukimthibitishia hitaji. Wengine wataagizwa kuandika daftari la safari, au kufunga kwenye gari kile kifaa cha kupulizia kabla ya kuwasha.

SR-22 ni lazima hapa. Amri iliyothibitishwa na mahakama hutumika kama leseni kwa siku 45 wakati DPS inashughulikia kadi, kwa hiyo itembeze garini pamoja na cheti cha bima. Ada ya leseni yenyewe ni dola 10 kwa mwaka. Gharama iko mahakamani na kwa wakili. Waliofungiwa kwa deni la matunzo ya mtoto hawaipati.

Mtu wa ghalani ajipange. Barua ya mwajiri iseme shifti inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, na anwani ya ghala. "Anafanya kazi kwetu usiku" haimsaidii hakimu kupanga saa.

Mimi ni dereva wa lori. Leseni ya kikazi itanibeba?

Haitakubeba. Hairuhusu kuendesha gari la biashara linalohitaji CDL, yaani leseni ya udereva wa magari makubwa ya biashara. Na sheria ya CDL ni ya taifa zima: DWI moja, hata ulikuwa kwenye gari lako dogo Jumapili ukitoka harusini, inakutoa kwenye lori mwaka mmoja. Mara ya pili ni maisha. Kwa madereva wetu wengi wenye mkopo wa lori, huo mwaka mmoja ndio unaouza lori. Wakili wa mwanzo, kabla ya kukiri chochote, ni rahisi kuliko lori.

Kampuni tatu zimenikataa. Nimekwisha?

Hujakwisha. Jaribu kwanza wakala anayeuza kampuni nyingi, kwa sababu zipo kampuni ambazo biashara yao ndiyo hii hii. Ukikataliwa na kampuni mbili, Texas ina mpango unaoitwa TAIPA ambao humgawia dereva kampuni iliyolazimishwa kumpokea. Bei haichekeshi, ila bima ni halali na cheti kinatoka.

Nikificha kwenye fomu kwamba nimefungiwa?

Watavuta rekodi yako kabla hujamaliza kunywa chai.

Mimi bado nasubiri uraia. Hii kesi inaniharibia?

Kufungiwa leseni kwa kukosa bima na DWI ni vitu viwili tofauti machoni pa uhamiaji. Hukumu mbili za ulevi ndani ya kipindi kinachoangaliwa huwafanya waanze na dhana kwamba huna tabia njema, na ni wewe wa kuwathibitishia vinginevyo. Mwenye viza anaweza kufutiwa viza kwa kukamatwa tu. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky mwaka 2010, wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukueleza madhara ya uhamiaji kabla hujakiri kosa. Muulize kwa maneno hayo hayo. Na omba mkalimani wa Kiswahili mahakamani. Kusema "yes, yes" kwa heshima kumeshawaponza wengi.

Bei itashuka lini?

Polepole. Kampuni nyingi huangalia miaka mitatu hadi mitano nyuma, kwa hiyo SR-22 inaweza kuisha na bei ikabaki juu. Kalifornia, hukumu ya ulevi inakunyima punguzo la dereva mwema kwa miaka kumi. Hapa kwetu nashauri kuuliza bei upya kila miezi sita mkataba unapoisha, ukifuata ule utaratibu wa kutovunja wa zamani kwanza.

Yule kaka wa mfuko wa plastiki tulimwondolea SR-22 asiyoihitaji, na akalipa ile mahakama ndogo kwa awamu nne. Bado ni mteja wangu. Kila barua ya serikali ikija huipiga picha bahasha ikiwa imefungwa, ananitumia WhatsApp, halafu anauliza: "Dada, nifungue?"